Fundi wa Bao wa Pangani Ana Pointi Ngapi?

Katika mabaraza ya mwambao wa kaskazini, kuanzia Tanga mjini hadi Pangani na ng'ambo ya mto kule Bweni, mkali wa bao hatambulishwi kwa namba. Huitwa fundi, na mashahidi wa ufundi wake ni wale aliowafunga. Mgeni akitaka kumjua ataoneshwa mtu, atawekewa ubao, na kabla kete za kunamua hazijaisha mkononi atakuwa amepata jibu. Ndani ya baraza moja utaratibu huu unatosha kabisa, maana kila mtu ameshacheza na kila mtu.

Ugumu unaanza pale fundi wa Pangani anapotakiwa kulinganishwa na fundi wa Unguja ambaye hajawahi kukaa naye ubao mmoja. Sifa za baraza moja hazipimiki kwa sifa za baraza jingine. Wacheza tenisi wa ridhaa walikwama papo hapo, na namna walivyojinasua inastahili kuchunguzwa na kila anayelitakia bao mema.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Wamarekani walianzisha kipimo kiitwacho NTRP. Kinaanzia 1.0 kwa anayeshika raketi mara ya kwanza na kupanda kwa nusu nusu hadi 7.0 kwa mchezaji wa kulipwa. Kila ngazi ilielezwa kwa maneno: anayeweza kurudisha mpira wa pole, anayeweza kuelekeza mpira wa kuanzia anakotaka, na kadhalika. Mchezaji alijisoma katika maelezo hayo na kujipangia ngazi. Shida yake inaonekana mara moja. Wapo waliojikweza, na wapo waliojishusha kwa makusudi ili wakusanye vikombe katika ligi ya walio chini yao. Ndiyo sababu chama cha tenisi cha Marekani, USTA, kikaacha kutegemea maneno ya mchezaji peke yake na kuingiza hesabu ya matokeo. Katika ligi zake, aliyejipanga mwenyewe akionekana mara tatu kuwa amecheza juu mno ya ngazi yake, huondolewa katika ngazi hiyo.

Mwaka 2008 likaja jambo zito zaidi. Dave Howell, mwalimu wa tenisi wa Virginia, alianzisha kipimo cha UTR, ambacho kwanza huuliza ulicheza na nani, kisha huhesabu umepata sehemu gani ya gemu zote zilizochezwa. Umri na jinsia havimo. Mchezaji anayefungwa 6-4, 6-4 na mtu aliyetarajiwa kumfagia anaweza kupanda, na aliyeshinda kwa taabu akashuka. Shirikisho la Tenisi la Kimataifa nalo lina namba yake, inayoanzia 40 kwa anayeanza na kushuka hadi 1 kwa walio bora duniani, na namba ya mchezo wa mmoja mmoja imetengwa na ile ya wawili wawili.

Asili ya hesabu za namna hii ni sataranji. Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyefundisha fizikia huko Milwaukee, aliunda kipimo kilichokubaliwa na shirikisho la Marekani mwaka 1960 na lile la dunia, FIDE, mwaka 1970. Hata Taifa Stars wanapangwa kwa mtoto wa hesabu hiyo: tangu 2018 FIFA imeacha mfumo wake wa zamani na kutumia jumlisha-toa ya aina ya Elo.

Hesabu yenyewe haitishi. Tuseme mchezaji mmoja ana pointi 1,700 na mwenzake 1,500. Tofauti ya 200 ina maana kwamba mwenye nyingi anatarajiwa kupata ushindi 76 katika kila michezo 100. Ikiwa kiasi cha juu cha kuhama katika mchezo mmoja ni pointi 20, basi mkubwa akishinda anachukua 4.8 tu, kwa sababu amefanya lililotarajiwa. Akifungwa, anatoa 15.2. Alichopata mmoja ndicho alichopoteza mwingine.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo yenye siri yote. Kama pointi zinahama tu bila kuongezeka, baraza lililoanza na wastani wa 1,500 litabaki na wastani wa 1,500 hata wachezaji wake wote wakiwa mafundi wa kutisha. Baraza la wanagenzi nalo litabaki hapo hapo. Fundi mwenye 1,700 Pangani na fundi mwenye 1,700 Unguja watafanana kwenye karatasi ilhali hakuna mchezo hata mmoja unaowaunganisha. Namba inapata maana yake kwa watu wanaosafiri kwenda kucheza.

Kisa cha Claude Bloodgood kinaonyesha madhara ya kujifungia. Alikuwa mfungwa wa maisha huko Virginia, aliyehukumiwa kwa kumuua mama yake, naye alicheza sataranji na wafungwa wenzake kwa maelfu ya michezo iliyosajiliwa. Wafungwa wapya walipata pointi zao za kwanza humo humo ndani, Bloodgood akawashinda, zikamwendea. Kufikia mwaka 1996 alikuwa na 2,702, wa pili katika orodha nzima ya Marekani, wakati hakuwa bingwa wa kiwango hicho hata kidogo. Inasemekana yeye mwenyewe aliwahi kulionya shirikisho kwamba hesabu yao inapotoka pale watu wanapocheza ndani ya boma moja tu.

Afrika Mashariki imeonja upande wa pili wa tatizo hilo. Phiona Mutesi, binti wa Katwe, Kampala, aliyefundishwa na Robert Katende, alikulia mahali ambapo wapinzani wenye pointi za FIDE walikuwa wachache. Kipaji kinaweza kuwepo na namba ikakosekana, kwa sababu ili upate pointi sharti ucheze na waliokwisha kuwa nazo. Njia iliyomfungukia ilikuwa nyingine: FIDE ilitoa cheo kwa anayepata angalau nusu ya pointi katika michezo isiyopungua 9 ya Olimpiadi ya sataranji. Istanbul, mwaka 2012, Mutesi na mwenzake Ivy Amoko walikipata, wakawa wanawake wa kwanza wa Uganda wenye cheo katika mchezo huo. Cheo kilikuja kwa sababu walivuka mipaka wakakutana na dunia, na hili ndilo la kuzingatia kuliko filamu iliyokuja kutengenezwa juu ya maisha yake.

Turudi kwenye ubao wa mashimo 32 na kete 64. Bao linafaa sana kwa hesabu ya Elo: linachezwa na wawili, mmoja hufungwa, na hakuna hali ya hewa wala mwamuzi wa kulaumiwa. Gofu ingekuwa ngumu zaidi, kwa kuwa humpima mchezaji dhidi ya uwanja, na kila uwanja sharti upimwe kwanza na wataalamu. Bao halidai gharama hiyo. Linadai daftari.

Je, ukubwa wa ushindi uhesabiwe, kama UTR inavyohesabu gemu? Kumfunga mtu wakati bado mnanamua, yaani kete za mkononi hazijaisha, kabla hamjafika hatua ya mtaji, huonyesha pengo kubwa kuliko kumaliza mchezo mrefu uliopinduka mara nyingi. Hata hivyo kipimo kinachoanza kingefanya vyema kuandika aliyeshinda na aliyefungwa tu. Fundi mwenye subira, anayeilinda nyumba yake na kungoja, asipewe hasara kwa sababu ya mtindo wake.

Kigumu ni safari. Pangani iko kama kilomita 50 kusini mwa Tanga, na kwa miaka mingi aliyetaka kuendelea kusini alitegemea kivuko cha kwenda Bweni. Mradi wa barabara ya Tanga, Pangani, Saadani na Bagamoyo, pamoja na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani, unasifiwa kwa biashara na utalii. Kwa mchezo wa bao faida yake ni kubwa vilevile: kila gari linalomfikisha mchezaji katika baraza la watu asiowajua linaongeza uzi kati ya vikundi viwili ambavyo vingebaki na namba zisizolinganishika.

Nguvu ya uzi mmoja inahesabika. Mchezaji wa Pangani mwenye 1,700 avuke bahari hadi Unguja, acheze michezo 10 na watu wenye 1,500. Anatarajiwa kushinda kama 7 au 8. Akishinda 4 tu, atarudi na takriban 1,630, pointi zipatazo 70 zikiwa zimebaki kisiwani. Hazikupotea bure. Zimesema kwamba 1,500 ya huko ni nzito kuliko ya nyumbani. Kuanzia siku hiyo, kila atakayemfunga barazani Pangani atavuna kidogo kuliko ambavyo angevuna kabla, na marekebisho yatasambaa kwa wenzake polepole, hata kwa wasiowahi kupanda boti. Wasafiri wawili au watatu kwa mwaka wangeharakisha jambo hilo kuliko mmoja.

Hapo SHIMBATA, shirikisho la mchezo wa bao Tanzania, na Chama cha Bao cha Zanzibar wangeweza kuanza bila kompyuta: tarehe, mahali, majina mawili, mshindi. Pangani mjini na Bweni kwanza, kisha Tanga, kisha Unguja. Namba ya mtu isitangazwe hadi awe na michezo ipatayo 20 iliyoandikwa, baadhi yake nje ya baraza lake. Na yule fundi mzee ambaye magoti hayamruhusu tena kusafiri asiachwe nje ya orodha. Vijana anaowafunga nyumbani wataenda kucheza kwingine, na matokeo yao huko ndiyo yatakayoipandisha au kuishusha namba yake pale alipo.