Pierre Landu na pointi za Dini

Mudimbe alipofariki, Aprili 2025, wengi wetu tuliandika « pumzika kwa amani, profesa », kisha tukaendelea na mengine. Mimi nilienda kutafuta Entre les eaux, riwaya yake ya 1973, ile tulisikiaka jina tu ku sekondari bila kuifungua. Nimeisoma mara mbili. Ya kwanza ilinichosha, ya pili ilinikasirisha, na njo maana naandika.

Hadithi yenyewe: Pierre Landu, padri Mkongomani aliyesomeshwa mpaka Roma, anaacha kazi yake na kuingia msituni pamoja na waasi wa Kimarx, juu anaona Kanisa lake limekaa upande wa wenye nguvu. Anafikiri amekimbia. Lakini hata kule kati ya watu wa bunduki, bado anajipima kwa mizani ya seminari: dhambi, utii, kujitoa. Amebadilisha bwana, namna ya kuinamisha kichwa imebaki ile ile. Mwishoni anaishia ku monasteri.

Watu wanasema iko kitabu cha imani na mapinduzi. Mimi naona iko kitabu cha masomo. Maagronome wenzangu, neno seminari linatoka kwa Kilatini seminarium, maana yake kitalu cha miche, ile pepinieri yetu. Na kosa la kitalu tunalijua wote: mche ukikawia sana ndani ya sashe, mizizi inaanza kujizungusha. Hata uupeleke ku udongo muzuri namna gani, inaendelea kuzunguka vile vile. Huyo njo Landu.

Haikuwa bahati mbaya. Mkataba wa 1906 kati ya Vatikani na dola la Léopold II uliipa kila misheni ya Kikatoliki hekta 100, hata 200, na misheni ikaahidi kufungua shule kadiri ya uwezo wake. Ardhi na watoto ku karatasi moja! Mobutu alinyang'anya makanisa mashule mwisho wa 1974, lakini tarehe 26 Februari 1977 mkataba mwingine ukayarudisha mikononi mwao. Ndiyo sababu hapa Goma mzazi anachagua shule ya kanisa fulani juu ya umbali na pesa, kisha mtoto anakula dini iliyomo.

Lakini hapa naachana na Mudimbe. Anamjua vizuri yule ambaye shule ilimshika mpaka ku mifupa. Sisi wengine hatumo. Kwetu Dini ilikuwa kozi yenye maxima yake ku buletini, kama jiografia. Rafiki yangu wa dawati alikuwa Muislamu, jioni alienda madrasa, na alitushinda sisi wabatizwa: sakramenti saba kwa mpangilio, 18 juu ya 20. Siku moja mwalimu akamsifu mbele ya wote, halafu akamuuliza: « Sasa unangoja nini? » Darasa lote likacheka. Mimi pia nilicheka. Kipindi kilichofuata alipata 7. Aliniambia mwenyewe kwamba aliandika vibaya kusudi, ili aachwe na amani.

Yeye alijifunza kuficha. Mimi nilijifunza kwamba habari za Mungu zinaandikwa vile msahihishaji anataka, na mpaka leo, mtu akiniuliza kama naamini, kwanza natafuta yeye anataka jibu gani. Landu anateseka juu shule ilimfanya aamini sana. Mateso yake ni ya kweli, nayaheshimu, ila sisi wa pointi njo wengi, na riwaya haina hata ukurasa mmoja juu yetu. Kwa kitabu chenye akili namna ile, naona ni pengo kubwa.

Wiki jana mtoto wa dada yangu, miaka tisa, aliniuliza: « Mjomba, 'Mungu ni nani' itatoka ku mtihani? » Nikamwambia ndiyo, inatokaka. Akafungua daftari, akaanza kukariri.