Ana Familia Inayomtegemea

Anayesoma hukumu za kuua bila kukusudia kutoka Mahakama Kuu, iwe ya Mtwara au ya kanda nyingine, huizoea haraka aya moja inayokaa kati ya kutiwa hatiani na adhabu. Wakili wa utetezi anasema mteja wake ni mkosaji wa mara ya kwanza, amekiri na hivyo hakuipotezea mahakama muda, amesota mahabusu miaka kadhaa, bado ni kijana na ana familia inayomtegemea. Wakili wa Serikali anajibu kuwa hana kumbukumbu za makosa ya nyuma, ila anaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Jaji anapima, anataja miaka. Yaliyosemwa huenda yote ni kweli, lakini ni ukweli unaomfaa kila mtu. Mshtakiwa wa Newala na mshtakiwa wa Kahama wanaombewa kwa maneno yaleyale, na jaji anayetakiwa kumpa adhabu mtu huyu, kwa kosa hili, anabaki kukisia. Ninavyoona, kupunguziwa adhabu ni jambo la ushahidi, na ushahidi unatafutwa. Katika maeneo ya Mtwara kama Ndanda, Masasi na Newala ushahidi huo upo, mwingi wake umeandikwa, na kinachokosekana ni mtu wa kwenda kuufuata.

Sheria ya Tanzania haikatazi hilo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inairuhusu mahakama, kabla ya kutoa adhabu, kupokea ushahidi wowote inaouona unafaa ili kujua adhabu iliyo sahihi. Mlango huo hupitiwa na maneno matupu ya wakili, ilhali ungeweza kupitiwa na mashahidi na nyaraka. Marekani walilifikia jambo hili kupitia kesi za kifo. Mwaka 2003, katika shauri la Wiggins, Mahakama ya Juu ya huko ilisema mawakili wa mshtakiwa walizembea kwa kuishia kwenye makaratasi machache waliyoyakuta mezani, wakaacha kuchimba utoto wake uliojaa njaa na mateso, ingawa fedha za kazi hiyo zilikuwepo. Huko sasa ni kazi yenye watu wake: mpelelezi wa upande wa utetezi asiyeuliza nani kaua, anayeuliza aliyeua ni nani.

Mfano unaotufaa zaidi, hata hivyo, uko jirani, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, ambako Wayao wa Masasi wana ndugu zao. Mwaka 2007, katika shauri la Kafantayeni, mahakama ya Malawi ilibatilisha adhabu ya kifo ya lazima, na mwaka 2010 Mahakama ya Rufaa ya huko ikathibitisha kwamba waliokwisha kuhukumiwa kwa utaratibu ule wasikilizwe upya kuhusu adhabu. Vikao vilipoanza mwaka 2015, majalada ya wengi yalikuwa yamepotea. Wapelelezi wa utetezi katika kesi hizo, wengi wao wakiwa wasaidizi wa kisheria na si mawakili, wakaenda vijijini. Waliwatafuta mama, walimu, machifu, hata jirani wa marehemu, wakaandika viapo, wakauliza kama mtu huyu aliwahi kupigwa kichwani, kuugua kifafa, kulala njaa, wakauliza kama kijiji kingempokea akirudi. Wafungwa zaidi ya 100 waliachiwa. Sitaki kusema vilitosha viapo peke yake, maana wengi walikuwa wamekaa gerezani miaka mingi. Lakini bila viapo hivyo majaji wasingekuwa na cha kupima zaidi ya tarehe ya kukamatwa.

Tuje Ndanda. Swali la kwanza ni umri, kwa kuwa linaweza kubadili kila kitu: aliyekuwa chini ya miaka 18 alipotenda kosa hahukumiwi kunyongwa, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mtoto kufungwa gerezani. Cheti cha kuzaliwa huenda hakipo. Lakini Wabenedikto wapo Ndanda tangu 1906, na daftari la ubatizo la parokia huandika tarehe ya kuzaliwa, wazazi na msimamizi. Waanglikana wa Masasi wana zao, na huko Askofu Vincent Lucas aliliingiza jando ndani ya Kanisa, hivyo mwaka wa jando nao unaweza kuwa na maandishi. Kwa Mwislamu au asiye na dini kuna kadi ya kliniki, rejesta ya shule ya msingi, na wenzake waliotoka naye jandoni, ambao mmoja wao hakosi kuwa na tarehe inayojulikana. Ushahidi wa namna hii ukipatikana kutoka sehemu mbili tatu zisizojuana, ni mzito kuliko makadirio ya daktari.

Kisha chukua ugomvi wa kawaida wa msimu wa mabibo: vijana wawili kwenye kilabu cha uraka, pombe ya mabibo, ngumi, kipande cha mti, mmoja anafariki. Wakili wa mazoea atasema mteja ana familia inayomtegemea. Mpelelezi wa utetezi ataleta stakabadhi za AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinazoonyesha nani alipeleka korosho ghalani kwa miaka minne, na kwamba hakuna aliyepeleka tangu mshtakiwa akamatwe. Ataomba jalada la Hospitali ya Mtakatifu Benedikto ya Ndanda, kwa sababu mama alitaja tu kwa kupita kwamba mwanawe aliwahi kuanguka kwenye mnazi na kulazwa wiki nzima bila fahamu. Atauliza nani alimbeba majeruhi, nani alichangia sanda. Aliyekimbilia Msumbiji na aliyekaa na majeruhi hadi polisi wakafika wote ni wakosaji wa mara ya kwanza, na aya ile ya mazoea haiwatofautishi.

Utasikia hoja kwamba haya yanafaa kwenye kuua bila kukusudia tu, kwa kuwa mauaji ya kukusudia adhabu yake kwetu ni kifo na jaji hana hiari, na unyang'anyi wa kutumia silaha una miaka 30 isiyoshuka. Ni hoja nzito. Nchini Kenya, Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu ya kifo katika shauri la Muruatetu mwaka 2017 na kutaja ya kuzingatia: umri, rekodi, kukiri, majuto, uwezekano wa kurekebika, hata kama kosa lilitendwa kujibu ukatili wa kijinsia. Kwetu, Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha ilisema mwaka 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, kwamba ulazima huo unakiuka haki ya kuishi. Sheria ikibaki ilivyo, bado historia ya mshtakiwa ina kazi kabla ya hukumu. Jalada lilelile la jeraha la kichwa linaweza kumpeleka mtu Isanga, Dodoma, akapimwe akili. Linaweza pia kuwekwa mezani katika majadiliano ya kukiri kosa, ambayo sheria yetu inayatambua tangu 2019, ili shtaka lishuke. Baada ya hapo kuna msamaha wa Rais, unaohitaji kitu cha kusoma. Kosa ni kuanza kutafuta siku ya adhabu. Mshtakiwa wa mauaji hana dhamana, na miaka yake ya mahabusu ndiyo muda wa kazi.

Wengine watasema ofisa wa huduma za uangalizi anatosha. Taarifa yake ni muhimu, lakini anaitumikia mahakama: atakachokikuta ataandika, kizuri na kibaya, na mama wa mshtakiwa anajua hivyo anapofungua mdomo. Mtu wa upande wa utetezi anaambiwa mengi kwa kuwa anatunza siri ya mteja. Gharama nayo si ya kutisha. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria. Anayeishi Masasi anafika Newala na kurudi jioni, jambo ambalo wakili aliyepangiwa kesi na mahakama, akimwona mteja wiki ya kikao, haliwezi.

Pingamizi linalonigusa ni la wafiwa: kwamba tunamsafisha muuaji huku marehemu hana wa kumsemea. Kwenye vijiji vya uwanda wa Makonde familia hizo mbili mara nyingi zinachota maji bomba moja, na mpelelezi asiyepita nyumba ya pili atakuwa amefanya nusu ya kazi. Akipita, anaweza kuambiwa fidia ilikataliwa, au matanga yaliliwa pamoja, au kwamba mshtakiwa alishawahi kumjeruhi mtu mwingine na mambo yakamalizwa kwa mwenyekiti wa kijiji. Hilo la mwisho halitamsaidia mteja. Ni afadhali wakili wake alisikie mapema nyumbani kwa wafiwa kuliko kulisikia kwa mara ya kwanza kwa wakili wa Serikali, dakika chache kabla ya adhabu.