Tarakimu sita, nyota mbili: jinsi WhatsApp ya mtu inavyotwaliwa

Ukoo mmoja wa Kibajuni leo unaweza kuwa na watu Ras Kamboni, wengine Kismayo na Chula, wengine Lamu na Mombasa, na wengine Uingereza walikoishia baada ya vita vya Somalia vya 1991. Kinachowakutanisha ni kikundi cha WhatsApp. Humo hutangazwa maziko na harusi, humo huombwa mchango wa mgonjwa, na pesa hufuata maneno: dola kwa EVC Plus upande wa Somalia, shilingi kwa M-Pesa upande wa Kenya. Kwa tapeli, kikundi cha namna hiyo kina thamani kuliko simu yenyewe, maana kina watu walioaminiana tangu zamani na waliozoea kuombana pesa bila kuonana.

Akaunti ikitwaliwa, wengi hudhani kuna fundi aliyepenya ndani ya simu. Mara nyingi hakuna aliyepenya popote. Tangu Aprili 2016 ujumbe wa WhatsApp husafiri ukiwa umefumbwa kutoka simu hadi simu, na kuufumbua njiani ni kazi isiyomlipa mwizi wa dola hamsini. Lakini kufumba ujumbe hakumthibitishi aliyeshika simu ya upande wa pili. WhatsApp inakutambua kwa namba ya laini, na namba hiyo huthibitishwa kwa tarakimu sita zinazoletwa kwa SMS au kusomwa kwa simu ya sauti. Anayezipata tarakimu hizo ndiye anayehesabiwa mwenye akaunti.

Njia nyepesi ya kuzipata ni kuziomba. Tapeli anaweka WhatsApp kwenye simu yake, anaandika namba yako, na SMS inakuja kwako. Dakika hiyohiyo unapata ujumbe wa mpwa wako: "Assalamu alaikum mjomba. Kuna namba sita zimekuja kwako kwa makosa, nirudishie tafadhali, nina haraka." Jina ni la mpwa, picha ni ya mpwa, hata maongezi yenu ya Idi bado yako juu yake. Akaunti ni ya mpwa kweli, ila imetwaliwa kabla ya yako. Ndiyo maana wizi huu hutembea ndani ya ukoo, kutoka jamaa hadi jamaa. SMS yenyewe huonya kwamba usimpe mtu tarakimu hizo, lakini ikija kwa Kiingereza kwa mzee asiyekisoma, onyo hilo halina kazi.

Njia ya pili inahitaji kutazamwa kwa karibu zaidi, kwa sababu humnasa hata aliyeapa kutompa mtu tarakimu. Unapigiwa simu na mtu anayejiita mhudumu wa mtandao. Laini yako ina hitilafu, anasema. Bonyeza nyota mbili, 21, nyota, kisha namba atakayokutajia, umalizie na alama ya reli. Hajakuuliza namba ya siri wala hajagusa salio, kwa hiyo unaona hakuna hatari. Lakini **21* ni amri ya mitandao ya GSM ya kuhamishia simu zako zote kwenye namba nyingine. Ukishaibonyeza, yeye anaiomba WhatsApp impigie badala ya kutuma SMS. WhatsApp inapiga namba yako, mtandao unaipeleka simu kwake kama ulivyouagiza wewe, na sauti inamsomea tarakimu sita. Kwako simu haikulia. Wakati mwingine amri ni **67*, inayohamisha simu pale tu laini yako inapotumika; hapo atakushikilia kwa maneno mengi hadi WhatsApp imalize kupiga.

Akishaingia, maongezi yako ya zamani hayapati, maana yamehifadhiwa kwenye simu yako. Vikundi anavipata, na hivyo vinamtosha. Huweka haraka namba yake ya siri ya hatua ya pili ili usirudi, kisha huanza kuomba: nimekwama, nitumie dola hamsini, ila si kwa namba yangu, tuma kwa hii. Hapa ndipo pa kumkamatia. M-Pesa ya Kenya huonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Jina likiwa geni atasema ni la wakala. Usiendelee. Mpigie jamaa yako simu ya kawaida, umsikie sauti.

Mlango mwingine wengi huufungua kwa hiari, nao ni WhatsApp zisizo rasmi, zile za rangi na mapambo zinazopitishwa kutoka simu hadi simu kwa programu ya Xender. Mwaka 2021 kampuni ya Kaspersky ilikuta virusi vya Triada ndani ya FMWhatsApp, na mwaka 2022 ikakuta toleo la YoWhatsApp linaloiba funguo za akaunti. Programu kama hiyo haihitaji kukuuliza tarakimu.

Kinga kubwa ipo ndani ya WhatsApp yenyewe tangu Februari 2017: uthibitishaji wa hatua mbili, kwenye mipangilio ya akaunti. Ukiweka namba yako ya siri, tarakimu sita peke yake hazimtoshi mwizi. Kujua kama simu zako zote zimehamishwa, bonyeza *#21#. Kufuta uhamisho wote, ##002#. Kama akaunti yako imekwisha kutwaliwa, futa kwanza uhamisho, kisha jisajili upya kwa namba yako. Ukiingiza tarakimu sita mpya, mwizi hutolewa papo hapo, hata kama ameweka namba yake ya siri na wewe ukalazimika kungoja siku saba. Nimeona watu wakiiacha hatua hii kwa kudhani hizo siku saba ni zake.

Lakini si haki mzigo wote umwangukie bibi wa Kiunga au mvuvi wa Ras Kamboni. Serikali ya India iliamuru kampuni za simu zisimamishe uhamishaji wa simu kwa amri za USSD, yaani hizi za nyota na reli, kuanzia 15 Aprili 2024, kwa sababu ya utapeli huuhuu. Mamlaka za mawasiliano za Kenya na Somalia zinaweza kutoa agizo kama hilo, na anayehitaji kweli kuhamisha simu zake akaombe kwa mtandao wake na athibitishwe kwanza.