Paja Halidanganyi

Juma lililopita nilialikwa karamuni Morogoro, tukaandaliwa pilau ya swala pala, na waalikwa wote wakamsifu mwenye nyumba kwa kuifikisha nyama ile kutoka porini mchana wa jua kali katika sanduku lililojaa barafu; nami, niliyeonja uchachu wa paja tangu tonge la pili, nikanyamaza kwa adabu ya mgeni, walakini adabu hiyo haikunifuata hadi nyumbani.

Tangu kanuni za mwaka 2020 zihalalishe mabucha ya nyamapori, kila mwenye sanduku la barafu amekuwa mjuzi: hutazama wekundu, hugusa juu, akiona baridi husema taibu. Lakini dhahiri ya nyama si batini yake. Mnyama afapo, mwili wake una joto la kadiri ya digrii 39, na mahali pa mwisho kuliacha joto hilo ni nyonga, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapoingia katika tundu lake, kimezungukwa na mnofu mnene pande zote. Basi paja likitiwa katika mfuko wa nailoni lingali na moto wake, barafu hupoza ngozi ya nje, na kule ndani uharibifu huanza kimyakimya. Ndiyo maana simwulizi mtu ametia barafu kiasi gani. Nachukua kijiti chembamba cha mpingo, nakidunga kando ya mfupa hadi kiungoni, nakingoja kidogo, nakichomoa taratibu, kisha nakinusa. Kikinuka damu safi, nampa mkono. Kikinuka mtindi, naaga.

Ami yangu, Mungu amrehemu, aliyewinda kwa gobori nyika ya Pangani, hakupata kuona barafu porini. Alipiga bismillahi kabla ya kufyatua, akawahi kuchinja, na wenziwe wakiwa bado wanasimuliana shabaha, yeye alikuwa keshatoa matumbo, keshachuna, keshapasua paja kwa ndani mpaka mfupa ukapigwa na upepo. Usiku aliitundika nyama mtini. Alfajiri akaishusha na kuiviringa kwa bafta, kisha kwa jamvi, kabla jua halijaiona. Wala hakuiosha, kwani maji, akisema, ndiyo mahari ya uvundo. Mnyama aliyekimbizwa sana hakumtaka kabisa: nyama yake huwa nyeusi, hunata, wala haikai.

Nyama isiyolala mtini usiku mmoja si nyama. Sihitaji kulieleza hilo. Wenye masanduku nao waache tundu la chini wazi ili maji yatoke, na barafu isilale juu ya mnofu.

Mchuuzi mmoja niliyemjua, jina lake nalisitiri, alikuwa akipaka mapaja damu mbichi ya ng'ombe na kuyakamulia ndimu, kisha akimshika mnunuzi mkono na kuuweka juu ya nyama: “Baridi hiyo, bwana, shika mwenyewe!” Mnunuzi alishika, akalipa, akaenda zake akifurahi. Siku nilipotoa kijiti changu alikumbuka ghafla kwamba paja lile lina mwenyewe.

Jana mwenyeji wangu wa Morogoro, kwa kuona nilikula kidogo akadhani nimeona haya, aliniletea zawadi ya paja zima, limefungwa barabara katika nailoni. Nilimshukuru sana, nikamsindikiza hadi njiani, ndipo nikarudi ndani kutafuta kijiti.