Vitenzi Vyenye Mkia

Simama stendi ya Laela asubuhi, basi la Tunduma likipakia na la Sumbawanga likiingia, utasikia makondakta wakipiga kelele sarufi nzima ya mwendo: panda, shuka, ingia, sogea, pita. Kila amri ni neno moja, na njia imo humo humo ndani ya neno. Aliyeambiwa "shuka" haulizi ni kuelekea wapi.

Hata mji mkuu wa mkoa wetu umebeba kitenzi cha aina hiyo. Wenyeji hulifafanua jina la Sumbawanga kuwa ni "tupa uchawi": mgeni, huo wako uuache huko huko. Mwingereza angetupa kwanza, halafu angeongeza kijineno cha kusema ulikokwenda. "Throw away", "throw out", "throw off": kitenzi ni kile kile, lakini uchawi unaishia mahali patatu tofauti.

Vijineno hivyo ndivyo vilivyotutesa shuleni. Vitabu viliviita vihusishi, kurasa chache mbele vikaviita vielezi, nasi tukavikariri kama majina ya wafalme wa mbali. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa na jina lake mwenyewe: vitenzi vyenye mkia. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti moja lililovumilia baridi yote ya Juni ya Ufipa, na sijaona fundi wa lugha aliyemzidi, ingawa tangu wakati huo nimekaa vyumba vingi na watu wenye shahada.

Chombo chake cha kazi kilikuwa kiganja. Aliandika ubaoni "ran into the house", akakifunika kitenzi kwa mkono. "Huyu anakwenda wapi?" Ndani, mwalimu. "Anakwendaje?" Kimya. Akaondoa mkono, tukaona anakimbia. Akafuta, akaandika "crawled", akafunika tena. Akaandika "rolled". Njia ilikuwa ile ile kila mara. Kilichobadilika chini ya kiganja ni miguu tu. Kisha akatutaka tuyaseme hayo kwa Kiswahili, nasi bila kufundishwa tukageuza kila kitu: aliingia mbio, aliingia akitambaa, aliingia akibingirika. Kwetu njia ndiyo kitenzi, na miguu inafuata nyuma.

Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba mwanaisimu Mmarekani, Leonard Talmy, alikuwa ameandika kwa kirefu mwaka 1985 kuhusu mgawanyo huo huo, kwamba ziko lugha zinazoitia njia ndani ya kitenzi na ziko zinazoitundika pembeni yake. Nilifurahi kama mtu aliyekuta picha ya baba yake kwenye kitabu cha historia.

Tazama pia neno "nyumbani". Yuko nyumbani, anakwenda nyumbani, ametoka nyumbani. Neno halijatikisika, kitenzi ndicho kilichofanya kazi yote. Mtoto anayejifunza Kiingereza kutoka kwenye lugha hii hana sababu ya kushuku kwamba wenzake wanahitaji neno moja la kukaa, jingine la kufika na jingine la kuondoka. Nilishawahi kuandika kwenye insha kwamba rafiki yangu alinirushia mpira, nikatumia "at". Mwalimu akaniuliza kama tulikuwa tumegombana. Kumbe kwa Kiingereza mpira wa kupokea unataka "to", na "at" ni ya jiwe. Kiswahili chetu kina ile "-ia" inayotosha kwa vyote: nirushie mpira, nimrushie mbwa jiwe. Nia unaisoma kwenye kitu kinachoruka.

Lakini somo lililonibakia zaidi halikuwa la mwendo. Siku moja alikuja darasani na jembe bovu, lililolala nje masika nzima. Akauliza limefanyaje. Limeingia kutu, mwalimu. Akaliweka mezani, akatuambia kwamba Mwingereza akitaka kusema kitu kimekuwa kitu kingine, mara nyingi hukiondoa mahali kilipo na kukipeleka: kinageuka na kuingia ndani ya hali mpya, "turn into". Sisi tumeliacha jembe pale pale lilipo. Kutu ndiyo iliyosafiri.

Wazee wa Ufipa waliyajua mageuzi ya chuma kwa mikono yao. Mabaki ya malungu, zile tanuru za udongo ndefu kuliko mtu, bado yako nyandani huku. Hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto, mawe na mkaa vikaungua humo, na kilichopatikana kilisafishwa kwenye tanuru ndogo kabla mhunzi hajakifua. Jiwe lilikuwa chuma, ndivyo tunavyosema, kwa kitenzi cha kuwa, kana kwamba moto ulilisubiri tu.

Tangu siku ya jembe nimekuwa nikiokota mifano, na sasa natafsiri kwa kulipwa, basi naiokota kazini. Mwingereza hukimbia akatoka nje ya pesa zake, "run out of money", sisi tumeishiwa. Yeye huangukia usingizini. Sisi tunapitiwa na usingizi. Yeye hupasuka na kuingia kwenye machozi. Sisi tunatokwa na machozi. Kuishiwa, kupitiwa, kutokwa, kuingiwa na hofu, kupandwa na hasira: angalia ile "-wa" mwishoni. Mtu amekaa zake nyumbani, mambo ndiyo yanayomjia, yanampanda, yanapita, yanamtoka. Mahindi ghalani nayo hivyo hivyo, yameingiwa na dumuzi.

Sisemi kila mfano unatii. Nasi hupanda vyeo na kuingia uzeeni kwa miguu yetu, na Mwingereza naye ana hofu inayomjia. Lugha si reli. Ila mtafsiri asiyelihisi elekeo hili huandika Kiswahili kinachonuka safari: watu wanaanguka kwenye mapenzi, wanavunjika na kuingia kwenye kilio, wanakua na kutoka nje ya matatizo yao. Maneno yote ni ya Kiswahili, na hakuna mtu wa Laela hadi Kasanga aliyewahi kusema hivyo.

Mwezi uliopita nilikwama kwenye sentensi fupi ya kitabu cha watoto. "She had grown out of her shoes." Msichana amekua hadi akatoka ndani ya viatu vyake. Nilijaribu "amevizidi viatu", nikaona anashindana navyo. Nikajaribu "viatu havimtoshi tena", nikaona ni sahihi na imepooza. Nusu saa nzima, kwa maneno saba. Mwishoni nikampigia mwalimu, ambaye sasa amestaafu na analima maharage.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Umekwama kwenye mkia gani tena?"

Nikamsomea. Akacheka, nikasikia akimkataza mtu asimwage maji hapo.

"Wewe hukununuliwa viatu vya shule Januari, vikakufikisha Desemba?"

"Nilinunuliwa."

"Ulimwambiaje mama?"

Nilimwambia vimenibana.

"Basi," akasema, "andika vimembana, uniache nimalizie tuta langu."