Bingwa wa kwenye grafu

Tangu kundi la Nørskov litoe mwaka 2004 njia nyepesi ya kukokotoa nishati za hatua za mmenyuko kwenye elektrodi, kusaka vichocheo vya atomi moja kumekuwa rahisi mno. Chukua karatasi ya kaboni, pachika atomi ya chuma ikishikwa na naitrojeni nne, kokotoa. Kisha weka kobalti, nikeli, manganizi. Anayekaribia kilele cha grafu ndiye bingwa.

Mimi bingwa huyo simwamini haraka. Hesabu hizi hukosea kwa takriban elektronivolti 0.2. Kosa hilo likiangukia kwenye kizuizi cha mmenyuko, kwa joto la nyuzi 25, kasi inabadilika zaidi ya mara 2,000! Sasa makala inayopanga metali kwa tofauti ya 0.05 inapanga nini hasa? Watetezi husema ukilinganisha, makosa yanafutana. Sawa, kwa metali zinazofanana. Manganizi na nikeli zina spini tofauti kabisa, hapo hazifutani kirahisi hivyo.

Tena hesabu nyingi huiweka atomi kwenye ombwe na chaji isiyobadilika, ilhali elektrodi imezama majini na kinachodhibitiwa ni volti.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni uimara. Chuma cha aina hii hung'oka kwenye asidi, na kaboni yenyewe huliwa. Kwa hiyo nikifungua makala, kabla ya grafu natafuta nishati ya kuyeyuka kwa atomi. Mara nyingi imefichwa kwenye kiambatisho, au haipo kabisa.