Ngumi ya Madrid, Kahawa ya Xela

Katika Leaving the Atocha Station (2011), riwaya ya Ben Lerner, Adam ni mshairi Mmarekani anayeishi Madrid kwa ufadhili. Mapema tu, Isabel anamsimulia jambo zito kwa Kihispania. Adam haelewi, anatabasamu. Anapigwa ngumi.

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi pia nimewahi kutabasamu hivyo. Nilikuwa nasomea Kihispania Quetzaltenango, Guatemala, mji ambao wenyeji huuita Xela, nikiishi na familia. Jioni moja mama mwenye nyumba aliongea weee, nami nikaitikia, “Qué bueno,” yaani, vizuri sana. Kumbe alikuwa akisema kijana wake alienda Marekani na hajapiga simu tangu aondoke. Hakunipiga. Aliniongezea tortilla.

Hapo ndipo mimi na Lerner tunakosana. Ule ukungu wa lugha ameuandika vizuri mno: Adam husikia sentensi moja, akaitungia maana tatu, nne. Lakini anaishi peke yake, kwa hivyo akiharibu anaweza kujificha. Mimi ningejificha wapi, na kahawa ya asubuhi iko meza ile ile?

Niliomba msamaha kwa sarufi mbovu. Mama akacheka. Akaniambia nyumbani kwao waliongea Kik'iche', Kihispania alikikuta shuleni, na hata yeye alimtabasamia mwalimu mwaka mzima bila kuelewa kitu.

Kisome hicho kitabu, ni kitamu bana. Ila Adam angepangiwa familia, kingekuwa kifupi zaidi.